Somo linalofika baada ya mimba

"Umekua sasa. Usicheze na wanaume."

Mabinti wengi wa rika langu walipovunja ungo walipewa maneno hayo pamoja na kipande cha kanga kuukuu, na mazungumzo yakaishia hapo. Mimi niliambiwa na shangazi yangu, Songea, jioni akipepeta mchele. Hakuniangalia usoni. Alikuwa anatekeleza wajibu aliotwikwa na mama, na alipomaliza akashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo ya maji.

Nimeyafikiria maneno yale kwa miaka mingi. Kasoro yake imo kwenye neno "kucheza". Sisi tulikuwa tunacheza na wavulana kila siku: kombolela, rede, kugombania maembe ya msimu. Wiki ile ile binamu yangu mmoja alinishika mkono tukivutana embe, nikakesha nikipapasa tumbo. Halikukua, wala mwezi uliofuata halikukua. Onyo la shangazi lilikufa siku hizo. Mtoto akionywa juu ya jambo, jambo likatokea, asidhurike, anahitimisha kwamba wakubwa wanatishia tu. Hatari ya kweli ikija miaka mitatu baadaye, hana tena onyo la kulishika.

Kila mara takwimu za mimba za utotoni zinapotolewa, wasemaji hurudia jambo moja: mabinti hawana uelewa, wapewe elimu. Nusu ya kauli hiyo naikubali. Nusu nyingine inatupotosha, na ukitaka kuona inavyopotosha, anza na takwimu zenyewe.

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19 nchini Tanzania, 22 wamekwisha kupata mimba. Utafiti wa 2015-16 ulikuwa umekuta 27, kwa hiyo wengi tulifurahi. Lakini ule wa 2010 ulikuta 23. Ukiutazama mstari wote, miaka 12 imetusogeza hatua moja. Mkoani Songwe ni 45 kwa 100; Ruvuma, kwa akina shangazi yangu, ni 37. Linganisha na vifo vya kina mama vitokanavyo na uzazi: utafiti wa 2015-16 ulivikadiria kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukavikuta 104. Nchi ile ile, wizara ile ile, wakunga wale wale. Mwanamke akishafika wodini tumejifunza la kufanya naye. Kabla hajafika huko, akiwa bado amevaa sare ya shule, tunamwambia asicheze.

Sasa tazama habari ya uelewa. Katika tafiti hizo hizo, karibu kila mwanamke anahesabiwa kuwa anafahamu walau njia moja ya kisasa ya uzazi wa mpango. Ni vizuri kujua jibu hilo linapatikanaje. Mhoji hutaja njia moja baada ya nyingine: umewahi kusikia kuhusu sindano? Vidonge? Vijiti? Kondomu? Ukiitikia, inawekwa alama kwamba unafahamu. Binti wa kidato cha pili kule Mbozi ataitikia mara nne mfululizo na hatakuwa amedanganya. Sindano aliisikia kwa dada yake, vijiti aliviona mkononi mwa mama mdogo, kondomu ameikuta imetupwa njiani. Hakuna anayemuuliza sindano inakaa mwilini muda gani, anaipata wapi, na akifika pale dirishani atasema nini. Kusikia kumeandikwa daftarini kama kujua.

Ninachoshikilia katika makala hii ni kwamba elimu ya uzazi Tanzania ipo, na mara nyingi ni elimu nzuri, ila inamfikia binti kwa kuchelewa. Mtu wa kwanza kumketisha na kumweleza mwili wake kinagaubaga, kwa Kiswahili, bila kumtisha, ni muuguzi wa kliniki ya wajawazito. Pale ndipo anapoambiwa dalili za hatari, tarehe zinavyohesabiwa, njia za kupanga uzazi atakapojifungua. Anaondoka na kadi mkononi na maarifa ambayo miezi mitano nyuma yangemtosha.

Chukua hesabu ya siku za hatari, maana ndiyo kinga ambayo mabinti wengi huitegemea kwa siri. Waulize wanafunzi. Wapo watakaokwambia hatari ni pale damu inapokatika tu, wapo watakaosema ni wakati wa damu yenyewe, na wapo watakaojibu kwa kujiamini: siku ya 14. Hao wa mwisho ndio walio karibu na ukweli, na ndio wanaonitia hofu zaidi, kwa sababu wana uhakika na wanautumia. Yai la mwanamke hushuka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Kitabu huandika siku ya 14 kwa kuwa mfano wake ni mzunguko wa siku 28. Mwenye mzunguko wa siku 35, yai lake litashuka karibu na siku ya 21. Likishashuka haliishi zaidi ya siku moja, lakini mbegu za kiume zinaweza kukaa hai ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano zikilisubiri. Kwa hiyo tendo la Jumatatu linaweza kutunga mimba Ijumaa, binti akiwa darasani anaandika insha. Na kwa kuwa yai linaweza kushuka kabla ya damu ya kwanza kuonekana, binti anaweza kushika mimba hata kabla hajavunja ungo. Hilo la mwisho niliwahi kulisema mbele ya kikundi cha kina mama, watu wazima wenye wajukuu, na nusu yao walikataa kabisa.

Angeyajifunza wapi haya? Sekondari, kwenye Baiolojia, na kwa Kiingereza. Mtoto anakariri sehemu za mwili wake kwa lugha ambayo nyumbani hakuna mtu wa kuzungumza naye habari za mwili kwa lugha hiyo. Anayaandika kwenye mtihani, anapata alama zake, na jioni anamuuliza rafiki yake, kwa Kiswahili, kama kweli ukiruka ruka baada ya tendo mimba haishiki. Maarifa hayo mawili yanakaa kichwa kimoja bila kukutana. Mwalimu naye, hasa akiwa kijana wa kiume mbele ya darasa linalocheka, huipitia mada hiyo mbio mbio au huwaachia waisome wenyewe.

Zamani kulikuwa na mtu wa kazi hii. Pwani na kusini, mwali alikabidhiwa kungwi, au somo, aliyemfundisha kwa nyimbo na mafumbo na kumrudisha nyuma asipoelewa. Hata shanga za kiunoni zilikuwa na lugha. Nyekundu zilimwambia mume kwamba mkewe yuko mwezini. Siutamani unyago mzima mzima. Ulimwandaa mwali kwa ajili ya mume kuliko kwa ajili yake mwenyewe, na siku hizi kuna mahali umevutwa hadi kwa watoto wa shule ya msingi wakati wa likizo, somo la ndoa kwa mtoto ambaye bado anacheza mdako. Ninachokitamani ni yule mtu: mwanamke anayeaminiwa na familia, asiye mama wa binti, mwenye muda, na asiyeona haya kulitaja jambo kwa jina lake. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walipotafuta namna ya kuwasaidia wanawake kuhesabu siku, walirudi kwenye shanga: mkufu wa shanga 32, kila moja siku yake, na zile nyeupe zinaonyesha siku ya 8 hadi ya 19 ambazo mimba inaweza kutunga. Ni siku 12. Binti wetu anayejiamini alikuwa anaepuka moja. Na hata mkufu huo umetengenezwa kwa wanawake ambao mizunguko yao iko kati ya siku 26 na 32. Wengine haufai kwao.

Neno hatari lenyewe tumelifundisha vibaya. Mwulize binti mimba ina hatari gani, atakutajia: nitaacha shule, baba atanipiga, mama atatukanwa, watu watanicheka kanisani. Yote ni kweli na yote ni habari za aibu. Mwili wake haumo kwenye orodha. Nani amemwambia kwamba Shirika la Afya Duniani limekuwa likitaja matatizo ya ujauzito na uzazi miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wasichana wa miaka 15 hadi 19 duniani? Nani amemwambia kwamba mama wa umri wake yuko kwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kujifungua kuliko dada yake wa miaka 22, na kwamba mtoto wake ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaliwa njiti au na uzito mdogo?

Kifafa cha mimba kina dalili: presha kupanda, kichwa kuuma kusikoisha, macho kuona giza au maruweruwe, uso na mikono kuvimba. Muuguzi huzikamata mapema kwa kipimo cha presha na cha mkojo. Lakini binti aliyefundishwa kwamba mimba ni aibu hufanya kinachofanywa na mwenye aibu: huifunga tumboni kwa kanga, huvaa sweta la shule Februari, na huanza kliniki mwezi wa saba pale tumbo linapomshinda kulificha. Presha yake imekuwa ikipanda bila mtu kuipima. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyu anaficha na bado atazaa, ila atazaa vibaya.

Uchungu pingamizi, yaani mtoto kukwama njiani wakati wa kuzaliwa, nao una maelezo ambayo mtoto wa darasa la saba anaweza kuyaelewa. Binti akishaanza hedhi, mifupa ya nyonga inaendelea kukua kwa miaka kadhaa. Uwezo wa kushika mimba umetangulia njia ya kupitisha mtoto. Kichwa cha mtoto kikikwama siku moja, siku mbili, kinabana nyama iliyo kati yake na mfupa. Nyama hiyo ikikosa damu hufa, ikafunguka tundu kati ya kibofu na uke, na mkojo ukaanza kutoka wenyewe mchana na usiku. Hiyo ndiyo fistula. Mara nyingi mtoto amekwisha kufa. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam huitibu bila malipo, na ilifika mahali pa kutuma nauli kwa simu kwa sababu wagonjwa walikuwa wanashindwa kufika. Fikiria umbali aliokaa mtu huyo, kiti chake kikiwa kimetengwa na cha wengine, kabla hajapata ujumbe kwamba inatibika. Maelezo ya aina hii hayamwiti mtoto kwenye ngono. Yanampa sababu ambayo haitegemei hasira ya baba.

Tukija kwenye njia zenyewe za kinga, uvumi umejaa mahali ambapo ukweli uliachwa wazi. Vidonge vya majira vinajikusanya tumboni vikawa jiwe. Vijiti vinasafiri mwilini hadi moyoni. Asiyezaa akitumia sindano kizazi kinakauka. Nimeona wahamasishaji wakijibu uvumi huu kwa kusema njia zote ni salama na hazina shida yoyote, na hapo ndipo wanapopoteza watu. Shida zipo. Vijiti na sindano huvuruga hedhi. Wengine hupata matone ya damu wiki nzima, wengine hedhi hukatika kabisa, na binti asiyeambiwa hayo mapema ataamini kizazi chake kimekufa. Baada ya kuacha sindano, mimba huweza kuchelewa miezi kadhaa, mara nyingi karibu mwaka. Kuchelewa huko ndiko mtaani kunaitwa kukauka. Mtu akielezwa ukweli mzima, pamoja na sehemu isiyopendeza, atavumilia. Akidanganywa nusu, ataamini uvumi wote.

Wenye umri huu hawaendi sana kwenye vijiti wala sindano. Wanaenda kwenye P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba baada ya tendo, kinachouzwa kwenye duka la dawa, mara nyingi kwa kumtuma rafiki au dereva wa bodaboda. P2 inafanya kazi kwa kuchelewesha yai lisishuke. Inatakiwa kumezwa mapema iwezekanavyo, ndani ya siku tatu, na kadiri saa zinavyopita ndivyo nguvu yake inavyopungua. Mimba ikishatunga haiitoi. Haiharibu kizazi, lakini anayeitegemea kila mwezi anategemea njia dhaifu kuliko nyingi za kawaida. Sentensi nne. Muuzaji angeweza kuzisema wakati anatafuta chenji. Kwa kulinganisha, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika wanawake 100 wanaotegemea mwanamume kumwaga nje, 20 hivi hushika mimba ndani ya mwaka. Kwa kondomu, jinsi watu wanavyoitumia kwa kawaida, ni 13. Kwa vijiti hawafiki hata mmoja. Kondomu peke yake ndiyo inayokinga na Virusi vya Ukimwi pia. Kijana yeyote anayejua kusoma msimamo wa ligi anaweza kuzielewa tarakimu hizo.

Kuna wakati uvumi ulipata sauti kubwa kuliko ya mtaani. Septemba 2018, akiwa Meatu mkoani Simiyu, Rais John Magufuli aliwataka wananchi waachane na uzazi wa mpango, akiwaita wanaoutumia wavivu. Siku chache baadaye Wizara ya Afya ikasimamisha matangazo ya uzazi wa mpango kwenye redio na televisheni. Najua wengi walimpenda na walilipokea kama jambo la kizalendo. Ila historia yetu ina sauti nyingine. Chama cha UMATI kina mizizi yake Dar es Salaam tangu 1959, na Mwalimu Nyerere, akitambulisha Mpango wa Pili wa Maendeleo mwaka 1969, alisema kuzaa ni jambo ambalo binadamu analishiriki na wanyama, lakini kulea na kusomesha watoto ni kazi ya binadamu peke yake. Tulikwishaanza kuzungumza kama watu wazima, tukarudi nyuma.

Twende zahanati sasa, maana hapo ndipo elimu inapojaribiwa. Miongozo ya Wizara ya Afya kwa miaka mingi imetambua kwamba vijana balehe wanastahili huduma za uzazi wa mpango bila kujali kama wameolewa au wamezaa. Kuna hata huduma rafiki kwa vijana, kwenye makaratasi kila kitu kipo. Binti wa miaka 16 anafika, anakuta foleni imejaa majirani wa mama yake. Muuguzi anamuuliza kwa sauti: "Umeolewa? Una watoto wangapi? Mama anajua?" Sitaki kumlaumu muuguzi peke yake. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 inasema kufanya ngono na msichana aliye chini ya miaka 18 ni ubakaji hata akiridhia, isipokuwa akiwa mke wa mtu huyo mwenye miaka 15 au zaidi, na muuguzi anajiuliza kama akimpa vijiti anaficha kosa. Kwa hiyo anafanya lililo salama kwake: anamrudisha.

Halafu tazama upande wa pili. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa amri ya mahakama. Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani. Mahakama Kuu ikampa ushindi Julai 2016 na kuipa serikali mwaka mmoja kurekebisha vifungu hivyo, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo Oktoba 2019. Ule mwaka mmoja ulipita bila marekebisho, na iliyofuata hali kadhalika. Matokeo yake, wasichana wawili wa miaka 15 waliokaa dawati moja, mmoja akiolewa, zahanati inamfungulia milango: ushauri, sindano, vidonge, kadi. Mwenzake aliyebaki shuleni anaulizwa mama anajua. Tumeweka maarifa nyuma ya pete, na anayeendelea na masomo, ambaye tunasema ndiye tunayetaka kumlinda, ndiye tuliyemfungia nje.

Shule nazo zilichagua upande mmoja wa jambo. Kwa miaka mingi wasichana walipangwa mstari kila muhula wakapimwa mimba, wakati mwingine kwa kubonyezwa tumbo. Shule isiyokuwa na dakika 40 za kueleza yai linashuka lini ilikuwa na siku nzima ya kupima mkojo. Juni 2017 ikatangazwa hadharani kwamba aliyepata mimba asirudi shule. Novemba 2021 serikali ya Rais Samia ikalifuta hilo, na waraka wa elimu ukawapa wasichana miaka miwili ya kurudi. Septemba 2022 Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto, katika shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzao, ikaona kwamba upimaji wa lazima na kufukuzwa vilikiuka haki za watoto hao. Nilishangilia waraka ule wa 2021 kwa moyo wote, na ningemshangilia kila binti anayerudi na kunyonyesha wakati wa mapumziko. Lakini kumrudisha ni kazi ya baada. Kenya wana sera ya kurudi shule tangu 1994, na utafiti wao wa 2022 bado ulikuta wasichana 15 kwa 100 wamepata mimba kitaifa, na Samburu 50 kwa 100.

Najua hofu ya mzazi, nimeisikia misikitini, makanisani, na kwenye vikao vya ukoo: ukimfundisha umemruhusu. Si hofu ya kijinga. Inatoka kwa watu wanaowapenda watoto wao. Lakini UNESCO imekwisha kukusanya tafiti kutoka nchi nyingi kuhusu elimu ya kujamiiana shuleni, na hazikuonyesha kwamba elimu hiyo inawaharakisha watoto kuanza ngono. Baadhi zilionyesha inawachelewesha. Binti anayetaka kusubiri hadi ndoa, na wapo wengi, haki yake ni kusubiri akijua anasubiri nini. Na kuna watoto ambao hawakuchagua lolote. Aliyeingiliwa kwa nguvu na mpangaji anahitaji kujua siku ile ile kwamba kuna saa 72 za kuwahi, kwa ajili ya mimba na kwa ajili ya Virusi vya Ukimwi.

Hapa lazima niseme pia mahali ambapo maarifa yanafika mwisho. Binti wa shule ya kata anayetembea kilomita nane, au aliyepanga chumba, geto, kwa sababu hakuna hosteli, anapewa lifti na bodaboda, anapewa chipsi, anapewa hela ya daftari, na siku moja anadaiwa. Anaweza kuzijua njia zote kwa majina na ufanisi wake, asiweze kumwambia mtu huyo avae kondomu. Tunduma, mkoani Songwe, ni mpaka, malori yanalala pale, fedha inazunguka usiku. Sishangai kwamba Songwe inaongoza. Huko hosteli ni kinga kama kijiti kilivyo kinga. Atakayeniambia semina ya siku moja itatosha, sitamsikiliza.

Wavulana sijawasahau. Hakuna shangazi anayewaambia chochote, wanafundishwa na simu. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, anayempa mimba mwanafunzi akawa anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Kijana wa kidato cha nne amelisikia hilo redioni. Kwamba mbegu zake zinaishi siku tano hajalisikia popote.

Mwaka jana mjukuu wa shangazi alivunja ungo. Shangazi akanipigia simu, akasema njoo wewe uliyesoma, mimi yale niliyokuambia hayatoshi. Nilienda. Tukakaa watatu jikoni, binti, shangazi na mimi, na kalenda ya ukutani ya duka la vifaa vya ujenzi, na kalamu ya risasi. Nikamwonyesha binti damu inaanzia wapi, yai linashuka wapi, kwa nini tunahesabu kurudi nyuma kutoka hedhi inayofuata. Aliuliza maswali machache kwa sauti ya chini. Shangazi alikuwa kimya muda wote, anamenya vitunguu. Nilidhani anasubiri tumalize.

"Mwanangu," akasema, akiwa bado ameshika kisu, "huyu mwezi wa kwanza aliona, wa pili hakuona, wa tatu akaona mara mbili. Sasa kama hajui itakayofuata itakuja lini, atarudije nyuma kuhesabu?"

Nikaiweka kalamu chini. Nikamwambia, "Hawezi, shangazi. Kwa umri wake kalenda haimfai." Akasogeza kigoda karibu na mezani, akamwambia mjukuu wake asogee pia, kisha akanigeukia. "Basi tuambie ya zahanati."